Abebe Bikila: Msee wa Pekupeku Aliyenyamazisha Roma, Kisha Gari la Zawadi Likamkalisha Chini

Ukiamka saa kumi na moja alfajiri Likoni, kabla foleni ya feri haijapamba moto, utawaona. Mmoja anatoka majini Shelly Beach akitetemeka, mwingine amejikunja juu ya baiskeli akielekea Ukunda, wa tatu anakata lami na njumu zilizoisha soli kitambo. Kisauni wako, Changamwe wako, wanapishana na malori ya kontena na matatu za kwanza. Wengine wao wana ndoto ya ile trayathloni ndefu inayoitwa Ironman: unaogelea kilomita 3.8, unapiga baiskeli kilomita 180, halafu mwili ukishaomba talaka ndiyo unaambiwa sasa kimbia maratoni nzima. Kilomita 42.195. Ukianzia kivukoni Likoni ukimbie hadi Ukunda, bado hujamaliza deni.

Hawa si watu wa kulipwa. Saa mbili asubuhi wako kazini, jioni wanarudi barabarani tena. Mtaani wanaonekana vichaa kiasi.

Sasa hiyo sehemu ya mwisho, hiyo maratoni inayowatoa watu roho, ina babu yake. Na babu mwenyewe alikuwa mtu wa ridhaa kama wao, askari wa mshahara mdogo anayefanya tizi kabla na baada ya zamu. Anaitwa Abebe Bikila, wa Ethiopia, majirani zetu hapo juu. Wengi tunajua kitu kimoja tu kumhusu: alikimbia bila viatu. Hiyo ni kama kumjua Mombasa kwa zile pembe za Moi Avenue. Story yake ni kubwa kuliko hapo, na nusu yake ya pili ni noma zaidi ya ya kwanza.

Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 kijiji kinaitwa Jato, nyanda za juu kaskazini mashariki mwa Addis Ababa. Cheki hii: siku hiyo hiyo, kule Los Angeles, watu walikuwa wanakimbia maratoni ya Olimpiki. Sisemi ni ishara. Nasema tu ilitokea.

Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo, kucheza gena, ule mchezo wa Waethiopia wa fimbo na mpira, na kutembea. Kutembea sana. Hakuwa hata amefika miaka minne Waitaliano wa Mussolini walipoivamia nchi yao, mwaka 1935. Walirusha gesi ya sumu kutoka kwa ndege, wakateka Addis Ababa 1936, wakakaa hadi 1941. Familia yake ilihama kukwepa vita. Kwa hivyo mtoto huyu alijua jina la Italia kabla hajajua kusoma, na hakulijua kwa sababu ya pizza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda mjini kutafuta maisha, kama vile wasee wanavyoshuka Mombasa kutafuta kibarua bandarini. Akaingia kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Sare safi, buti, mshahara wa uhakika. Hapo angeweza kuishia, akawa askari mzuri, akastaafu, akafa, na wewe na mimi tusingemjua.

Inasimuliwa kwamba kilichomgeuza ni koti. Timu ya Ethiopia iliyoenda Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 ilionekana kwenye gwaride, na mgongoni wamevaa makoti yameandikwa jina la nchi. Bikila akauliza wale ni kina nani. Akaambiwa. Akataka koti kama lile. Mimi naiamini hii story kwa sababu najua vile jezi inaweza kumfanyia mtu. Kuna wasee Magongo wamecheza mpira miaka kumi kwa sababu ya jezi tu.

Halafu ndiyo anaingia huyu mzungu, Onni Niskanen. Mswidi mwenye asili ya Finland, alikuwa amefika Ethiopia mwaka 1946, miaka mitano tu baada ya Waitaliano kutimuliwa, na kazi yake ilikuwa kufundisha askari na makurutu mambo ya mwili. Akamwona Bikila akikimbia. Kwa kocha aliyetoka Uswidi ya enzi ile, kukimbia hakukuwa kuchoma kilomita ovyo. Waswidi ndio waliotengeneza fartlek, ile ya kuchanganya mwendo: unawasha, unapoa, unawasha tena, juu ya njia ya asili si uwanjani peke yake. Niskanen akaleta akili hiyo kwenye milima ya Addis, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Wacha tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo wale wa alfajiri wanataka kusikia.

Tizi la Bikila halikuwa siri ya mganga. Kulikuwa na mbio ndefu za barabarani, kulikuwa na mbio za porini na milimani, na kulikuwa na vipande vifupi vya kasi uwanjani vya kurudia mara nyingi na mapumziko mafupi katikati. Kulikuwa na sauna pia, ule mchezo wa Kifini wa kuketi ndani ya chumba cha joto mpaka jasho likuishe. Sisi wa pwani sauna tunaipata bure kila Februari, ndani ya matatu, dirisha limekwama. Lakini kwa mtu wa baridi ya Addis, mwili kuzoea joto ilikuwa silaha ya maana, kwa sababu Roma mwezi wa tisa si mahali pa mchezo.

Na Niskanen aliandika. Hicho ndicho kitu ningependa msee yeyote mwenye ndoto ya Ironman akiibe. Mzee alipima muda, umbali, viatu. Alimjaribu Bikila akiwa na viatu na akiwa pekupeku kwenye barabara zile zile akilinganisha hatua na mwendo, badala ya kubahatisha. Kwa hivyo ile picha ya maskini Mwafrika aliyekimbia peku kwa sababu hana viatu, futa. Bikila alikuwa na viatu. Alikuwa amekimbia na viatu. Peku ilikuwa kitu alichokizoea mguu wake na kilichoshapimwa kwa saa.

Mwaka 1960 ulimpata na miaka 27, akafunga ndoa na Yewebdar Wolde-Giorgis, na akaanza kukimbia maratoni za majaribio hapo Addis. Moja alikimbia saa 2 na dakika 21. Rekodi ya Olimpiki wakati huo ilikuwa ya Emil Zátopek wa Czechoslovakia, mtu aliyekuwa kama mungu mdogo wa mbio ndefu, saa 2, dakika 23 na sekunde 3, aliyoweka Helsinki mwaka 1952. Yaani askari asiyejulikana, juu mlimani ambako hewa ni haba, alikuwa ameshamshinda Zátopek kwenye karatasi. Dunia haikuwa na habari. Waandishi wa Ulaya hawakuwa na jina lake kwenye orodha ya watu wa kuangalia.

Roma, basi.

Viatu alivyokuwa navyo vilikuwa vimechoka, vipya alivyopata kule vikamchuna na kumtoa malengelenge. Yeye na kocha wakaamua: peku. Mwethiopia mwenzake kwenye mbio ile alikuwa Abebe Wakgira, ambaye alimaliza wa saba, na hakuna anayemkumbuka maskini, kuwa wa saba kwenye Olimpiki ukiwa mwenzake Bikila ni kazi ya kusikitisha.

Tarehe 10 Septemba 1960. Kukwepa jua, mbio zilianza saa kumi na moja na nusu jioni, na hazikuanzia uwanjani wala kuishia uwanjani. Zilianzia kilima cha Capitolino, hatua chache kutoka Piazza Venezia. Hapo Venezia kuna roshani ambayo Mussolini alisimama akitangazia umati kwamba anaenda kuichukua Ethiopia. Miaka 25 baadaye, chini ya roshani hiyo, mtoto wa waliokimbia vita vile amefunga namba 11 kifuani, anangoja bunduki ilie.

Kocha alikuwa amempa orodha ya watu wa kuchunga, na mkubwa wao ni Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Mtafute namba 26, ndivyo alivyoelekezwa. Sasa shida ikawa hii: Rhadi siku hiyo hakuvaa 26, alivaa 185. Kwa hivyo Bikila anakimbia, anapita watu, anachungulia migongo na vifua, hakuna 26. Anaongeza mwendo, huyo 26 lazima yuko mbele. Pembeni yake kuna jamaa mmoja wa namba 185 anamng'ang'ania kama kupe. Wanakimbia bega kwa bega kilomita baada ya kilomita. Bikila anamtafuta Rhadi huku amemkumbatia Rhadi. Ukiandika hivyo kwenye filamu watasema umezidisha.

Giza likaingia. Njia ya Appia, ile barabara ya mawe ya Warumi wa kale, haikuwa na taa, basi askari wa Kiitaliano wakapangwa kandokando wakishika mienge. Fikiria hiyo sura. Askari wa Italia wamesimama kimya wakimwangazia njia askari wa Haile Selassie, na yeye peku, nyayo zinagonga mawe ambayo majeshi ya Roma yalipita yakienda kuteka watu.

Kabla ya mbio, Bikila na Niskanen walikuwa wamepitia njia na kuchagua pa kuwashia moto. Karibu na mwisho kulikuwa na mnara mrefu wa jiwe. Huo mnara si wa Italia. Ni wa Axum, kaskazini mwa Ethiopia, una umri wa zaidi ya miaka 1,500, na majeshi ya Mussolini waliung'oa wakausafirisha Roma mwaka 1937, wakausimamisha mbele ya jengo la wizara yao ya makoloni. Mali ya wizi, imesimama hadharani, watalii wanapiga picha.

Bikila alipofika kwa mnara wa kwao, akaondoka. Rhadi hakuwa na jibu. Mwethiopia akavuka mstari chini ya tao la Constantine kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, ubora wa dunia kwa tofauti ya chini ya sekunde moja na ule wa Mrusi Sergei Popov. Rhadi akafuata sekunde 25 nyuma. Barry Magee wa New Zealand akawa wa tatu, dakika mbili na ushee nyuma.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mwafrika mweusi. Kumbuka mwaka: 1960, nchi 17 za Afrika zinapata uhuru, sisi Kenya bado bendera ni ya Mwingereza. Kila unaposikia leo Mkenya ameshinda maratoni fulani ukasonya kwamba hiyo si habari tena, hapo Appia ndipo ilipoanza kutokuwa habari.

Kuna kitu kingine kuhusu Roma ile, ukiweke mfukoni tutakirudia. Olimpiki ilifungwa tarehe 11 Septemba. Tarehe 18, wiki moja tu baadaye, katika mji ule ule, kukafunguliwa michezo mingine ya wanamichezo wa viti vya magurudumu, ambayo leo inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Bikila alikuwa ameshaondoka.

Nyumbani alipokewa kama mfalme mdogo, na mfalme mkubwa akampandisha cheo kuwa koplo na kumvisha nishani. Miezi mitatu haikupita, ngori. Desemba 1960 Haile Selassie akiwa ziarani nje, kamanda wa walinzi wake, Mengistu Neway, akishirikiana na kakake Germame, wakajaribu kupindua serikali. Kikosi kilichoasi ndicho kile kile cha Bikila. Jaribio lilizimwa kwa damu, Germame akafa, Mengistu akanyongwa mwaka uliofuata. Bikila naye alikamatwa akawekwa ndani kidogo, kisha akaachiliwa. Shujaa wa taifa mwezi wa tisa, mshukiwa mwezi wa kumi na mbili. Wengi wa wenzake hawakuwa na medali ya kuwaombea.

Mwaka 1961 alishinda Ugiriki, akashinda Japani, akashinda Košice kule Czechoslovakia. Ile ya Ugiriki alikimbia tena peku, na ikawa ndiyo ya mwisho. Boston mwaka 1963 ilimshinda: baridi, upepo usoni, akamaliza wa tano. Tuendelee.

Tokyo 1964. Kwa mtu wa Mombasa hii Olimpiki ina utamu wake, kwa sababu aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi, Olimpiki yetu ya kwanza tukiwa huru, alikuwa mtoto wa hapa hapa: Seraphino Antao, Mgoa aliyezaliwa Mombasa, mkimbiaji wa mbio fupi aliyetuletea dhahabu mbili kutoka Perth mwaka 1962. Wilson Kiprugut naye akatoka Tokyo na shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya. Ulizia Antao kwa vijana wa Kisauni leo uone watakavyokutazama. Hiyo ni story ya siku nyingine.

Bikila alikaribia kukosa safari. Wiki tano hivi kabla ya mbio aliangushwa na maumivu ya tumbo, akapasuliwa kidole tumbo. Enzi hizo si tundu dogo kama sasa, walikupasua kweli. Daktari yeyote angemwambia alale. Yeye siku chache baadaye alikuwa amerudi kujikongoja, kisha kutembea, kisha kukimbia polepole. Usijaribu hii, tafadhali. Mwili wake ulikuwa na benki ya miaka mingi ya tizi, ndiyo iliyomlipia.

Tarehe 21 Oktoba akasimama Tokyo, mara hii na viatu vyeupe na soksi. Ron Clarke wa Australia akaanza kwa kasi ya hasira, Jim Hogan wa Ireland akamfuata. Kufika katikati Bikila alikuwa mbele, na baada ya hapo ikawa si mashindano tena, ikawa mtu mmoja anafanya tizi lake la asubuhi huku dunia nzima inamwangalia. Hogan akaachilia njiani. Bikila akaingia uwanjani peke yake, saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, ubora mpya wa dunia. Basil Heatley wa Uingereza, wa pili, alikuwa zaidi ya dakika nne nyuma.

Halafu akafanya kile kitu. Wenzake wanaomaliza maratoni huwa wanaanguka, wanatapika, wanabebwa. Yeye akaenda kwenye nyasi, akalala chali, akaanza mazoezi ya kunyoosha viungo. Akagusa vidole, akapiga baiskeli hewani na miguu. Watu zaidi ya elfu sabini wanamwangalia hawajui wacheke au wapige makofi. Sherehe ya medali ilipofika, bendi haikuwa na wimbo wa taifa wa Ethiopia, wakapiga wa Japani. Inaonekana hata waandaaji hawakutarajia.

Alikuwa mtu wa kwanza kushinda maratoni ya Olimpiki mara mbili. Tangu hapo wameongezeka wawili tu: Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, na Eliud Kipchoge wetu, Rio 2016 na ile ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo mwaka 2021.

Zawadi ya nyumbani safari hii ilikuwa kubwa. Cheo cha luteni. Nyumba. Na gari: Volkswagen, ile kobe. Sheria za ridhaa za enzi hizo zilikuwa kali kuhusu mwanariadha kupokea hela, lakini mfalme kumpa askari wake zawadi, nani angemuuliza? Kwa mtu aliyekwenda kila mahali kwa miguu, ndai lilikuwa alama kwamba ameomoka.

Miguu ikaanza kulalamika kabla ya gari. Mexico 1968 alifika na mfupa wa mguu uliokuwa umeshaanza kupasuka. Alikimbia kama kilomita 17, akatoka. Aliyeshinda ni Mamo Wolde, mwenzake wa siku nyingi, mmoja wa wale wa makoti ya Melbourne. Siku chache kabla, kwenye mita 10,000, Wolde alikuwa amepigwa dakika za mwisho na Naftali Temu, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya. Lakini maratoni ilibaki Ethiopia kwa mara ya tatu mfululizo. Bikila alipandishwa cheo kuwa kapteni ingawa hakumaliza. Alikuwa na miaka 36, na bado alidhani ana mbio ndani yake.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969, akiwa peke yake ndani ya ile Volkswagen, nje ya Addis upande wa kwao, gari likapinduka. Alinaswa ndani usiku mzima. Walimtoa asubuhi. Shingo na uti wa mgongo vilikuwa vimeumia, na ile miguu iliyopita Appia bila viatu haikusikia tena kitu.

Mfalme aliagiza apelekwe Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville. Mwanzoni hata mikono haikusogea vizuri. Alikaa huko karibu miezi minane. Hospitali hiyo ilikuwa ya mtu mmoja mwenye kichwa kigumu, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi, ambaye alikataa ile imani ya zamani kwamba aliyeumia uti wa mgongo ni wa kulazwa kitandani angojee kifo. Dawa yake ilikuwa michezo. Mwaka 1948 alianzisha pale hospitalini mashindano ya askari walioumia vitani, na michezo ile ndiyo iliyozaa ile ya Roma mwaka 1960, wiki moja baada ya ushindi wa Bikila. Mfukoni ulikuwa umeiweka, sivyo?

Kwa hivyo mtu huyu, ambaye alikuwa ameacha Roma siku chache kabla viti vya magurudumu havijaingia, sasa alikuwa ameingia kwenye mlango huo huo kwa upande mwingine.

Na akafanya tizi. Hapa ndipo nataka wasee wa trayathloni wanisikilize, kwa sababu hapa ndipo Bikila alipoacha kuwa mtu wa mchezo mmoja. Miguu imeenda, imebaki mikono, mabega, kifua, pumzi. Ile pumzi ya mlimani haikuwa imevunjika. Alianza kulenga shabaha kwa upinde na mshale, kitu kinachotaka mgongo wa juu na utulivu wa moyo. Alianza tenisi ya mezani. Mtu aliyekuwa anahesabu kilomita sasa anahesabu mara ngapi ameweza kujiinua kutoka kitini. Mwaka 1970, mwaka mmoja na kidogo baada ya ajali, alishindana kwa michezo hiyo miwili Stoke Mandeville. Hakushinda medali za maana. Alikuwa kapteni wa jeshi, bingwa wa Olimpiki mara mbili, amewekwa mstarini na watu wasiojua hata yeye ni nani, anapigwa, anarudi kufanya tizi. Mimi hapo ndipo namheshimu zaidi kuliko Roma.

Halafu 1971 akaalikwa Norway kwenye michezo ya walemavu. Kulikuwa na mbio za vigari vya theluji vinavyovutwa na mbwa, kilomita 25. Mtu wa Jato, wa kuchunga mbuzi, aliyezaliwa mahali ambapo theluji ni hadithi, akafungwa kwenye kigari, akapewa mbwa. Akashinda. Kilomita 25 kwenye barafu, bila miguu, akashinda. Hebu niambie ni triatloni gani hiyo: miguu peku, upinde, mbwa.

Munich 1972 alikwenda kama mgeni wa heshima, akasukumwa uwanjani kwenye kiti chake, uwanja mzima ukasimama. Frank Shorter wa Marekani aliposhinda maratoni alimwendea kumpa mkono kabla ya mambo mengine kuendelea. Mamo Wolde alichukua shaba.

Abebe Bikila alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, damu ilivuja kwenye ubongo, matokeo ya ile ajali yaliyomfuata miaka minne. Alikuwa na miaka 41. Aliacha mke na watoto wanne. Kwenye mazishi Addis walikuja makumi ya maelfu, na mfalme mwenyewe akaenda. Mfalme hakujua kwamba yeye naye amebakiwa na chini ya mwaka mmoja kitini: Septemba 1974 wanajeshi walimtoa.

Mambo mawili baada ya hapo.

Mnara wa Axum ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005, vipande vipande kwa ndege, baada ya makelele ya miaka na miaka. Kwa hivyo ukienda Roma leo kutafuta pale alipowashia moto, mnara hauko, na afadhali.

Jina lake nalo likaingia sokoni. Kampuni ya Vibram ikatoa viatu vya vidole vitano, vile vya kukimbia kama uko peku, ikaviita Bikila. Yaani mtu aliyejulikana kwa kutovaa viatu akageuzwa jina la kiatu, kwa bei ambayo msee wa Mtopanga angelipa kodi ya keja. Familia ikaenda kortini Marekani mwaka 2015, ikaambiwa imechelewa kulalamika.

Kisha Machi 2010, miaka 50 tangu 1960, maratoni ya Roma ilikuwa na bonasi ya euro 5,000 kwa mshindi atakayemaliza peku kwa heshima ya Bikila. Kijana wa Kiethiopia, Siraj Gena, alikuwa anaongoza. Zikiwa zimebaki mita mia chache, akasimama katikati ya barabara, akainama, akafungua kamba, akavua kimoja, akavua cha pili, akaviacha hapo kwenye mawe, akaondoka mbio kwenda kuchukua ushindi wake na hela zake.